Rivyu ya kliniki ya macho Kisumu: niliambiwa mi ndiye kipofu kisheria, kumbe si mimi

Hii rivyu nimekaa nayo miezi miwili bila kuiandika, nikiogopa nitasema vibaya mambo ya daktari, lakini jana mteja wangu alikuja kuchukua sare ya shule akaniambia binti yake amepimwa macho akapatikana na minasi sita (yaani miwani ya -6, ya mtu asiyeona vizuri mbali), na sasa wako nyumbani wanalia ati mtoto amekuwa kipofu. Nikaona basi wacha niandike yote. Mi ni fundi wa nguo hapa Luanda, Vihiga, navaa miwani tangu darasa la nne, na ni ile miwani mizito mtu akijaribu kuivaa anashika kichwa.

Ilianza na fremu kuvunjika. Nikaenda duka moja la miwani, si Kisumu, ni mji mwingine huku kwetu na jina naliacha, nikaenda na Mama kwa sababu hata yeye alikuwa analalamika. Kijana wa pale akanikalisha kwa ile mashini unaweka kidevu unachungulia kapicha ka puto mwisho wa barabara, kapicha kanapotea kanarudi, halafu ikatoa kikaratasi kama risiti ya supamaketi: jicho la kulia -9.50, la kushoto -8.75. Akaangalia akaniambia madam, hii imezidi, mtu wa namba kama hii kisheria ni kipofu, unaweza hata kuomba kadi ya ulemavu. Basi, hakunieleza kitu kingine. Mama naye akasimamishwa mbele ya chati ya ukutani, akasoma kushuka mpaka ule mstari mdogo, akaambiwa macho yako ni mazuri kushinda ya mtoto wako, nunua tu miwani ya kusomea Biblia.

Hiyo usiku sikulala. Nilikuwa nafikiria wateja, nani atampa kitambaa chake cha harusi fundi ambaye sheria inasema ni kipofu, na nilikuwa na nguo kumi na moja za maarusi mezani. Kaka yangu akapiga simu akasema kama ni hivyo si ujaze foromu uchukue kadi, unaringa nini. Lakini kitu kilikuwa kinanikata: nikivaa miwani yangu mi napitisha uzi kwa sindano, napiga mshono wa zipu iliyofichwa, naona namba ya matatu ikitokea kule Maseno. Kipofu gani huyo? Na Mama ambaye ati macho ni mazuri, huyo ndiye anapiga teke beseni ya omena iliyo miguuni pake, unamwekea kikombe cha chai kando hakioni mpaka aguse, jioni kukianza giza anashika mkono wangu kama mtoto. Sokoni walikuwa washaanza kusema amekuwa na madharau, ati unamsalimia kutoka kando anapita tu. Hiyo maneno ilimuumiza sana, Mama si mtu wa kupita watu.

Jirani ndiye alinielekeza kliniki hii ya Kisumu, iko katikati ya mji, ghorofa ya kwanza, unatembea kidogo tu kutoka stendi. Nilimuuliza daktari mwenye kliniki kama naweza kuandika jina lao, akasema hapendi kujitangaza, kwa hivyo nimeheshimu. Konsoltesheni tulilipa shilingi 700 kila mtu, na ule mtihani wa upana wa kuona wa Mama 2,500, yote kwa M-Pesa na risiti tukapewa.

Kitu cha kwanza kilinishangaza ni kwamba daktari hakuanza na mashini. Ni kijana tu, lakini alivuta kiti akakaa mbele ya Mama akamuuliza, Mama, ni nini hasa kinakusumbua nyumbani? Mama akaeleza ile ya beseni, na ile ya watu wa sokoni. Yule kijana akaandika. Halafu akaniuliza kule mlipimwa, chati ilikuwa mbali kiasi gani? Nikamwambia kama hatua nne. Kulikuwa na kioo? Nikasema hapana, chati ukutani na sisi mbele yake. Akatikisa kichwa akasema hebu tuanze upya.

Sasa hapa ndipo nilijifunza kitu ambacho kwa hii miaka yote ya kuvaa miwani hakuna mtu alikuwa ameniambia. Ile chati ya herufi ilitengenezwa na daktari Mholanzi anaitwa Herman Snellen mwaka wa 1862, na ile namba 6/6 si alama za mtihani. Sita ya kwanza ni mita, yaani umekaa mita sita kutoka kwa chati. Namba ya pili ni umbali ambao mtu wa macho ya kawaida angeusoma ule mstari. Kwa hivyo 6/60 maana yake ni kwamba wewe unahitaji kusogea mpaka mita sita ndio uone herufi ambayo mwenzako anaiona akiwa mita sitini huko. Wamarekani wanapima kwa futi, futi ishirini ni kama mita sita, ndio maana wanasema 20/20, ni kitu kimoja na 6/6, na 20/200 yao ni 6/60 yetu. Na usigawanye ukasema 6/60 ni asilimia kumi ya macho, si asilimia, ni umbali.

Mi fundi naelewa vitu kwa tepu, kwa hivyo nilimuuliza hiyo herufi ni kubwa kiasi gani. Ile ya 6/6 ina urefu wa karibu milimita tisa, ni ndogo kuliko kifungo cha shati. Ile ya 6/60, ile kubwa ya juu kabisa, ni karibu sentimita tisa, kiganja changu hiki. Wewe fikiria kiganja kiko mita sita na huwezi kusema ni herufi gani.

Na ukiiweka hiyo chati mita tatu badala ya sita, kila mtu anakuwa na macho mazuri! Hiyo ndiyo ilifanyika kwa Mama kule. Alisoma mstari wa 6/6 akiwa mita tatu, kwa hivyo ukweli ni 3/6, na 3/6 ukiirudisha kwa mita sita ni 6/12. Hapa Kisumu chumba chao pia ni kidogo, lakini chati iko nyuma yako juu ya kichwa, kioo kiko mbele mita tatu, unaisoma ndani ya kioo, kwenda na kurudi inakuwa sita. Mama akapatikana na 6/12 kabisa, na akiwekewa lensi ndogo akafika 6/9. Kulikuwa pia na mama mwingine kwa foleni ambaye hajui kusoma, yeye alipewa chati ya herufi E zimegeuzwa huku na huku, anaonyesha kwa mkono miguu ya E inaangalia wapi. Hakuaibishwa hata kidogo, nilipenda hiyo.

Nikaingia mimi. Bila miwani sikuona hata ile herufi ya juu, wakaanza kunionyesha vidole, nikahesabu vidole kwa mita moja tu. Kumbe hata hiyo ina ngazi zake: chati ikishindikana unahesabu vidole, vidole vikishindikana wanapunga mkono uone kama kitu kinasogea, hiyo ikishindikana wanawasha tochi wanakuuliza kama unaona mwanga na unatoka upande gani, na wa mwisho ni yule haoni hata mwanga. Akanipa kitu kama kijiko cheusi kina tundu dogo kama la sindano, akasema chungulia hapa. Wallahi niliruka mistari kadhaa ya chati, bila lensi yoyote! Akaniambia tundu likikusaidia ujue tatizo kubwa ni kulenga mwanga, na hilo miwani inaweza kurekebisha. Tundu lisipokusaidia ndio wanaanza kutafuta kitu kingine ndani ya jicho, kama mtoto wa jicho ama shida ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

Halafu akanivalisha ile fremu ya chuma ya kupimia, anaingiza lensi anatoa, hii ama hii, ya kwanza ama ya pili, tukafika 6/9 macho yote mawili. Akaweka kalamu chini akaniambia, dada, wewe si kipofu, kisheria wala vingine. Sheria hizo haziulizi unaona aje ukiamka asubuhi kabla hujashika miwani, zinaulizia jicho lako zuri zaidi, likiwa limevalishwa miwani bora kabisa inayowezekana. Nililia pale pale.

Ile minasi tisa na nusu yangu ni nguvu ya lensi tu. Haisemi unaona kiasi gani, inasema lensi inahitaji kufanya kazi ngapi. Kwa wenzangu wa minasi kuna hesabu rahisi alinifundisha: chukua 100 ugawanye kwa namba yako, unapata sentimita ambapo kuona kwako vizuri bila miwani kunaishia. Wa minasi 2 ni sentimita 50. Wa minasi 4 ni 25. Mimi ni kama kumi na nusu, na ni kweli kabisa, ndio maana nikitaka kufumua mshono mdogo sana huwa natoa miwani naleta kitambaa hapa puani. Kwa hivyo yule binti wa mteja wangu wa minasi sita, kama akivaa miwani anasoma ubao, huyo ni mtoto anayehitaji miwani, basi. Na kinyume chake pia kiko, mtu anaweza kuwa na minasi mbili tu lakini retina imeharibika, ukimpa lensi zote za dunia hasongi, huyo ndiye anaweza kuwa kipofu kisheria.

Nisiwadanganye ati hii namba kubwa haina neno. Jicho la minasi nyingi limevutika likawa refu, retina ndani inakuwa nyembamba, inaweza kuchanika au kubanduka, kwa hivyo nikiona ghafla vijidudu vyeusi vingi vinaelea, ama mwanga kama radi kando ya jicho, ama pazia linashuka, niende hospitali siku hiyo hiyo, nisingoje soko liishe. Hii hakuna duka la miwani lilikuwa limewahi kuniambia na nimenunua miwani mingi.

Sasa Mama. Kwa vile alisoma 6/9 mi nilidhani wataturudisha nyumbani, lakini yule kijana hakuachilia ile hadithi ya beseni. Akampima presha ya macho, ikawa 27 na 30, na kawaida ni kati ya 10 na 21. Akamwekea matone ya kupanua mboni akaangalia nyuma ya jicho muda mrefu sana bila kusema kitu. Halafu Mama akapelekwa chumba chenye giza, kuna mashini kama sufuria kubwa nyeupe imelazwa, unaweka kidevu, jicho moja linazibwa, unaangalia katikati bila kuhamisha jicho, na taa ndogo zinawaka hapa na pale, ukiona unabonyeza kitufe. Mi nilikuwa nimesimama nyuma. Taa zilikuwa zinawaka na Mama ametulia tu. Zinawaka, ametulia. Baadaye akasema kijana, mashini yenu ni kama imeharibika, taa zinachelewa sana. Nilitoka nje kidogo nikarudi.

Karatasi ilitoka nyeusi yote na katikati kameupe kadogo. Ni glakoma, presha imekula neva ya jicho polepole kwa miaka, ikianzia pembeni ikija katikati, na kwa sababu katikati ndiyo inasoma herufi, chati haikuwa na njia ya kujua. Mtu wa kawaida akiangalia mbele kwa macho mawili anashika karibu nyuzi 180 (digrii za pembe, si uzi wa kushona) kutoka kushoto hadi kulia. Jicho la Mama lililo afadhali lilikuwa limebaki na kama 15. Daktari akatuambia nyoosheni mikono mbele, kunjeni ngumi mbili ziweke pamoja, hiyo ni karibu nyuzi 20. Jaribu na wewe unayesoma. Kisha ufikirie kila kitu nje ya hizo ngumi mbili hakipo, beseni haipo, kikombe hakipo, anayekusalimia kutoka kando hayupo.

Na hapo ndipo nilielewa hiyo kitu inaitwa upofu wa kisheria. Ina milango miwili, na ukiingia kwa mmoja inatosha. Marekani, ambako hilo neno limetoka, madaktari wao walikubaliana mwaka wa 1934 na mwaka uliofuata msaada wa serikali kwa wasioona ukaingizwa kwa sheria yao ya Social Security: mlango wa kwanza ni 20/200 ama mbaya zaidi kwa jicho zuri ukiwa na miwani, mlango wa pili ni upana wa kuona usiozidi nyuzi 20. Shirika la Afya Duniani lenyewe ni kali zaidi kwa chati, linaita upofu ukiwa chini ya 3/60, na kwa upana ni usiozidi nyuzi 10 kutoka katikati, ambayo ukihesabu pande zote mbili ni zile zile 20. Kati ya 6/60 na 3/60 wanaita uoni hafifu mkali, na 6/18 mpaka 6/60 ni wa wastani. Uingereza wao kwa cheti wanaandika mtu mwenye upungufu mkali wa kuona, na wanapima chati pamoja na upana kwa mara moja. Kwa hivyo mtu wa 6/60 sawasawa na miwani yake, Marekani ni kipofu kisheria na kwa Shirika la Afya bado. Jicho ni lile lile.

Mama kwa milango ya chati hagusi hata kizingiti, 6/9, anasoma namba za nyimbo kanisani. Lakini kwa upana anaingia kote kuwili, Marekani na Shirika la Afya. Mwanamke anayesoma Biblia ni kipofu kisheria, na binti yake ambaye bila miwani hajui mlango uko wapi, siye. Watu wengi sana wanaoitwa hivyo bado wanaona kitu, mwanga ama katikati ama kando, na hiyo ndiyo inafanya wanaitwa waongo.

Huku kwetu kadi inatoka Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu na lazima upimwe kwanza hospitali ya serikali, kliniki kama hii inakupa ripoti tu ya kubeba. Ripoti ya Mama ilikuwa nzuri, lakini imejaa vifupisho, VA, RE, LE, PH, na ilibidi nirudi dirishani kuuliza (RE ni kulia, LE ni kushoto, VA ni ile 6 juu ya ngapi, PH ni lile tundu). Wakiandika hata ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kueleza watasaidia watu wengi. Mama amepewa matone, asubuhi na jioni, na akaambiwa ukweli, kwamba kilichopotea hakirudi, matone ni ya kulinda kilichobaki. Nilishukuru hakudanganywa. Mimi na kaka yangu tukaambiwa tupimwe presha kila mwaka kwa sababu glakoma inatembea kwa familia, na minasi kubwa nayo inaongeza hatari. Yangu ilikuwa 16, na upana wangu uko sawa.

Lawama ziko. Tulingoja karibu masaa matatu na hakuna aliyesema foleni ikoje. Hawakutuambia mapema kwamba yale matone ya kupanua mboni yanakuharibia siku, Mama alitoka kwa jua la Kisumu la saa nane akiwa amefunika uso na leso, na mi pia nilikuwa nimewekewa kwa hivyo tulishikana tu mpaka stendi, na kazi sikushona mpaka kesho yake. Ukienda enda na mtu mwingine, na kofia. Lensi zangu nyembamba zilikuwa 9,000 na zilichelewa siku nne, ila zilipofika zilikuwa sahihi kabisa, sikuumwa kichwa hata siku moja.

Kubwa zaidi ni ngazi. Kliniki ya macho iko ghorofani na zile ngazi hazina chuma cha kushikilia upande mmoja, taa ni hafifu, na ukingo wa kila ngazi ni rangi moja na sakafu. Mtu kama Mama haoni ngazi inaishia wapi. Nilimshika kushuka, na mbele yetu kulikuwa na mzee anashuka peke yake akipapasa ukuta. Nilirudi juu nikawaambia, wakasema watamwambia mwenye jengo. Tunarudi Septemba kwa presha ya Mama, na kwa sasa nawapa nyota nne. Nikikuta chuma pale, na rangi ya njano kwa kila ukingo, nitakuja hapa kuongeza ya tano.